Jazz kissa

Jazz kissa ni mkahawa wa Kijapani ambao mteja huingia ili asikilize santuri za jazi, na kikombe cha kahawa anachonunua ndicho kiingilio chake. Bendi haipo, wala jukwaa. Kuna rafu zilizosheheni santuri, spika kubwa, na mwenye mkahawa, ambaye wateja humwita masta, anayeamua kipi kipigwe na kipi kingoje. Humo ndimo vizazi kadhaa vya mashabiki wa Japani walimozijua albamu wanazozienzi, pamoja na wanamuziki ambao hata kwao Marekani hawakuvuma.

Mikahawa ya aina hii ilianza Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1920. Ulio mashuhuri kati ya ile ya mwanzo ni Chigusa, uliofunguliwa na Mamoru Yoshida mjini Yokohama mwaka 1933. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliipiga jazi marufuku kwa kuwa ni muziki wa adui, na mwaka 1945 Chigusa uliteketea katika mashambulizi ya mabomu, santuri zote zikapotea. Vita vilipokwisha Yoshida alianza upya, na sehemu ya akiba yake mpya ilikuwa santuri zilizotengenezwa kwa ajili ya askari wa Marekani. Mpiga piano Toshiko Akiyoshi na mpiga saksafoni Sadao Watanabe, ambao baadaye walipata sifa duniani, walikwenda hapo wakiwa vijana kusikiliza na kuandika noti za walichokisikia. Kwao mkahawa ulikuwa darasa.

Ustawi wa mikahawa hii katika miaka ya 1960 una sababu ya kifedha kabla ya kuwa na sababu ya kisanaa. Kuanzia 1949 hadi 1971 dola moja iligharimu yeni 360, na kwa bei hiyo santuri kutoka Marekani haikuwa kitu cha mwanafunzi kununua. Mkahawa ulinunua santuri moja, ikasikilizwa na mamia. Ziara ya mpiga dramu Mmarekani Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers mnamo Januari 1961 ilichochea hamu zaidi, na mwaka huohuo mpigapicha Hozumi Nakadaira akafungua jazz kissa iitwayo DIG katika mtaa wa Shinjuku, Tokyo.

Taratibu za ndani zilikuwa kali. Katika mikahawa mingi mazungumzo yalikatazwa, na aliyenong'ona kwa muda mrefu aliweza kuombwa atoke. Mteja aliyetaka santuri fulani aliandika jina la santuri hiyo kwenye karatasi. Masta alikubali au alikataa, kutegemea kilichokwisha kupigwa siku hiyo. Santuri ilipigwa upande mmoja mzima, kama dakika 20, na jalada lake likawekwa mahali ambapo wote wangeliona. Malumbano yalihamia kwenye kaunta baada ya muziki, au kwenye kurasa za jarida la Swing Journal, lililotoka kuanzia 1947 hadi 2010.

Utaratibu huo ndio uliotengeneza ladha ya mashabiki. Msikilizaji asiyeweza kuruka wimbo huanza kuthamini albamu ambayo upande wake mzima umeshikamana, hata kama haina nyota mkubwa. Akisoma jalada dakika 20 zote, huyashika pia majina ya wasaidizi: mpiga besi, mpiga dramu, saksafoni ya pili. Mfano ulio wazi ni Sonny Clark, mpiga piano mzaliwa wa Pennsylvania. Albamu yake Cool Struttin', iliyorekodiwa Januari 1958 kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Blue Note, haikumpa umaarufu Marekani, naye alifariki New York mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 31. Japani santuri hiyo ilipigwa mkahawa kwa mkahawa hadi ikawa miongoni mwa albamu za jazi zinazopendwa zaidi nchini humo, nayo imeuzwa zaidi huko kuliko nyumbani kwake.

Tina Brooks, mpiga saksafoni, alipata bahati yake kwa kuchelewa zaidi. Alirekodi albamu nne akiwa kiongozi, lakini True Blue pekee, ya mwaka 1960, ndiyo iliyotoka akiwa hai. Alifariki mwaka 1974. Minor Move, aliyoirekodi 1958, ilitolewa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1980. Soko la kuitoa lilikuwapo kwa sababu wasikilizaji tayari walilifahamu jina lake kutoka kwenye majalada ya wengine.

Ladha hiyo ina upofu wake. Ilielemea mno rekodi za Wamarekani za miaka ya 1950 na 1960, na wapigaji wa Kijapani mara nyingi walipitwa. Ryo Fukui wa Hokkaido, aliyeanza piano akiwa na miaka 22, alitoa Scenery mwaka 1976 bila kishindo kikubwa. Iliwafikia mashabiki wengi wa nje miongo kadhaa baadaye kupitia intaneti, karibu na kifo chake cha 2016.

Redio za stereo za bei nafuu, kisha kaseti na CD, ziliwapa watu uwezo wa kusikiliza nyumbani, na mikahawa mingi ikafungwa. Mwandishi Haruki Murakami, aliyeendesha jazz kissa yake iitwayo Peter Cat kuanzia 1974, aliiacha mwaka 1981 ili aishi kwa uandishi. Mkahawa wa Basie, uliofunguliwa na Shoji Sugawara katika mji wa Ichinoseki mwaka 1970, ulikuja kuwa mahali pa hija kwa wapenda sauti safi. Chigusa ulifungwa 2007, ukafunguliwa tena 2012 kwa juhudi za wateja wake wa zamani. Nchi za Magharibi nazo zimeiga: baa ya Brilliant Corners ilianza London mwaka 2013. Baa nyingi za namna hiyo zimechukua spika na santuri, zikaiacha sheria ya kunyamaza kulekule Japani.