Kutangamanisha jamii za wachache mijini: Funzo la Washona na Wanubi

KUTANGAMANISHA jamii ya wachache ni kuiwezesha kufaidi haki na huduma sawa na majirani zake, bila kuilazimisha kuacha lugha, dini wala desturi zake. Miradi mingi huanza kwa mikopo midogo na mafunzo ya kazi. Tajriba ya Nairobi na viunga vyake yaonyesha kuwa msingi hasa ni kutambuliwa kisheria.

Washona

Washona waliingia Kenya kutoka nchi iitwayo sasa Zimbabwe, wakiwa wahubiri, takriban wakati wa uhuru. Walijulikana kwa useremala na ususi wa vikapu. Hata hivyo, asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Ufundi walikuwa nao; kilichowazuia kuinuka ni ukosefu wa stakabadhi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na taifa walioishi nchini tangu Desemba 12, 1963. Sheria pekee haikutosha. Ilibidi jamii yenyewe ijitokeze, mashirika ya haki yaitetee, na serikali ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ikusanye takwimu zake. Mnamo Desemba 12, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa Washona 1,670 wangepewa uraia. Vyeti vilitolewa mwaka uliofuata.

Wanubi

Wanubi wa Kibera ni wazao wa wanajeshi wa Sudan waliotumikia jeshi la Uingereza. Vijana wao walipigwa msasa kwa miaka mingi kabla ya kupewa vitambulisho. Mnamo 2011, kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Mwaka wa 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288.

Ardhi nayo huhitaji busara. Mwishoni mwa 2001, mzozo wa kodi kati ya wapangaji na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, ulizua mapigano Kibera.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, watu wahesabiwe na watoto wapewe vyeti vya kuzaliwa, la sivyo mtoto hurithi hali ya mzazi. Pili, wanajamii, wakiwemo wanawake na vijana, waongoze mradi badala ya kuitwa kuupokea. Tatu, majirani washirikishwe tangu mwanzo, kwani manufaa ya upande mmoja huzaa chuki.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Washona walishika randa na msumeno kwa zaidi ya nusu karne kabla ya Kenya kukiri kuwa hawakuwa wageni tena.