Marere ya Pwani na Ukoko wa Kalemie

Kwenye magome ya miembe ya Kalemie, na kwenye mawe ya ufuko pale mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika, huonekana mabaka meupe na ya kijivu yasiyobanduka ila kwa kung'oka pamoja na kipande cha gome au cha jiwe. Hizo ni likeni za ukoko: likeni ni muungano wa kuvu na mwani, ambamo kuvu hujenga mwili na mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na hizi huitwa za ukoko kwa kuwa hushikamana na makao yake kama wali ulioganda chini ya chungu.

Misafara ya karne ya 19 iliyovuka ziwa kati ya Ujiji na Mtoa, kaskazini mwa Kalemie, ilibeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa, na likeni haikuwa mzigo wake. Lakini huko pwani ilikoishia, likeni ilikuwa bidhaa yenye bei. Watu wa pwani waliiita marere, nayo hupenda hewa yenye unyevu wa bahari, ikining'inia kwenye matawi kama ndevu. Marere yalichumwa, yakakaushwa, yakasafirishwa kupitia Zanzibar hadi Ulaya, ambako yalilowekwa katika amonia na kuachwa yapigwe na hewa kwa siku nyingi, mpaka dutu zake zisizo na rangi zikageuka kuwa zambarau ya kutia hariri na sufu. Uskoti ilikuwa tayari na rangi ya namna hiyo, ambayo Cuthbert Gordon aliipatia hataza mwaka 1758, iliyotokana na likeni ya ukoko ya jenasi Ochrolechia. Rangi ya kwanza ya maabara, iliyovumbuliwa na William Perkin mwaka 1856, ndiyo iliyofungua njia ya kuanguka kwa biashara hiyo yote.

Wataalamu wa mimea walichelewa kuona kile ambacho watia rangi walikuwa wakikishika mikononi, yaani kemikali zinazofanana katika likeni za maumbo tofauti. Mwaka 1753 Linnaeus aliziweka likeni karibu zote katika jenasi moja. De Candolle akayatenga marere mwaka 1805 kwa jina la Roccella, na Elias Fries mwaka 1825 akaunda Dirina, jenasi ya likeni za ukoko. Kwa kuwa umbo ndilo lililotawala uainishaji, kilichoota kama kichaka na kilichotanda kama ukoko vilihesabiwa mbalimbali. Mwaka 1866 William Nylander alianza kuzipima likeni kwa kemikali, na tone la klorini huzifanya Roccella na Dirina zote mbili kuwa nyekundu. Uchunguzi wa vinasaba umezithibitisha kuwa za familia moja, Roccellaceae, ambamo umbo la kichaka limechipuka zaidi ya mara moja.

Hata hivyo rangi peke yake si nasaba, kwani Ochrolechia nayo huwa nyekundu kwa klorini ilhali ni ya oda nyingine kabisa. Kwa hiyo anayetaka kulipa jina baka la mwembe wa Kalemie hana budi kukata kipande chembamba, kuzitazama spora kwa hadubini na kupima kemikali, na jina atakalolipata litakuwa la kuvu tu, kwa maana kanuni za kutaja mimea na kuvu huupa mwani uliomo ndani jina lake wenyewe.