Raundi 15

Raundi 15 ndizo zilizokuwa kikomo cha mapambano ya ubingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa hadi miaka ya 1980. Mwaka 1975 mjini Manila, Muhammad Ali alimshinda Joe Frazier baada ya raundi ya 14, kona ya Frazier iliposalimu amri. Novemba 1982, Mkorea Duk Koo Kim aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 huko Las Vegas, akafariki siku chache baadaye. Kufuatia kifo hicho, shirika la ndondi la WBC likapunguza raundi hadi 12. Mashirika mengine, WBA na IBF, yakafuata kabla ya muongo kwisha. Mashabiki wakongwe bado hulalamika kuwa utamu umeondolewa, malalamiko mepesi kwa aliyeketi jukwaani. Kwa kulinganisha, ndondi za Olimpiki huchezwa raundi 3 tu.