Kidole Juu ya Kona

Wadau, wacha nikiri kitu. Mwezi jana niliposti kadi ya mpira niliyobadilishana hapa Machakos mjini. Kona moja imekunjika, so nikaishika kidole gumba kikiwa juu ya hiyo kona. Komenti zikaja: "Safi kama mpya!" Nikajibu na emoji ya moto. Kisha kijana wa Kitui akaniandikia: ako tayari kutuma 1,500 kwa M-Pesa.

Sikuwa nimesema uongo. Ukweli pia sikuwa nimeusema.

Hii tabia haikuanza na simu. Wamunyu, kaunti yetu hii hii, ndiko uchongaji wa biashara wa Wakamba ulishika mizizi. Mzee Mutisya Munge alifika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi ya wachongaji wa huko, akarudi na ujuzi. Majirani wakajifunza, vinyago vikafika Nairobi, Mombasa, hadi ng'ambo.

Wageni walipenda mpingo, mti mweusi na mzito. Mpingo hukua polepole, na ukaanza kuadimika. Wauzaji wengine wakapaka mti wa kawaida polishi ya viatu na kunyamaza. Mnunuzi mjanja alikwangua kinyago chini, ama akakitia majini, maana mpingo huzama.

Wazungu nao? Kadi ya Honus Wagner ya 1909, iliyotoka kwa pakiti za sigara, iliuzwa dola 451,000 mwaka wa 1991. Kingo zake zilisifiwa sana. Mwaka wa 2013 Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri kortini kwamba alizipunguza kwa kuzikata. Miaka yote hiyo watu walisifu mkato wa mashine.

Lakini sikia hii. Siku hizi wachongaji wengi Kenya hutumia mwembe, jakaranda na mwarobaini, na wanakuambia wazi ni mti gani. Watu bado wananunua. Shida haikuwa mti mweupe. Shida ilikuwa kuuita mpingo.

Nilimtumia yule kijana picha mpya, kona ikionekana. Akapunguza bei hadi 600. Iliniuma, manze, juu nilikuwa nahitaji hiyo doo. Lakini alilipia kadi niliyo nayo, si ile ya picha.

Wewe je, kwa picha zako, kidole kimefunika nini?