Vitamini D: Kutoka Matege ya Vienna Hadi Kopo la Vidonge

Vidonge vya vitamini D husifiwa kuwa ni kinga ya moyo, ya kisukari, hata ya saratani. Je, mama mwenye watoto watano atoe pesa ya chakula akavinunue? Ili tumjibu kwa haki, tuangalie kwanza nini kilithibitishwa, na kwa njia gani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 matege yalienea mno katika miji ya viwanda ya Ulaya. Watoto wa vichochoro vyenye moshi walikua na miguu iliyopinda, na wasichana ambao nyonga zao zilikwisha haribika walipata taabu kubwa wakati wa kujifungua. Mwaka 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alieleza kuwa mbwa wachanga aliowafungia ndani na kuwalisha uji walipata matege, na mafuta ya maini ya samaki yakawaponya. Mwaka huo huo Kurt Huldschinsky, mjini Berlin, aliponya watoto kwa mwanga wa taa. Mafuta na mwanga, vitu viwili visivyofanana hata kidogo, vikatibu maradhi yale yale!

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Vienna, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Harriette Chick na wenzake kutoka Uingereza walifanya kazi katika kliniki ya watoto ya Profesa Clemens von Pirquet, ambaye yeye mwenyewe aliamini kuwa matege ni maradhi ya kuambukiza. Watoto walikaa nyumba moja, wakatunzwa na wauguzi wale wale. Kilichotofautiana ni chakula. Majira ya baridi yalipofika, waliopewa mafuta ya samaki walisalimika, na wengi wa wenzao wakaugua. Waliougua walipona kwa mafuta au kwa jua. Angalieni uzuri wa kazi hii: haikuuliza tu nani mgonjwa na nani mzima, bali iliwapa watu kitu na kungoja matokeo. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akaonyesha kuwa kinachotibu si vitamini A, ndipo ikapatikana herufi D.

Basi kwa nini watoto wa Afrika, kwenye jua tele, nao hupata matege? Utafiti uliotolewa mwaka 1999 kwa watoto 123 wa Nigeria ulionyesha kuwa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, iliwasaidia zaidi kuliko vitamini D peke yake. Mtoto aliyekulia kwenye uji mtupu huhitaji dagaa na maziwa. Kwa jamaa zetu wa Ulaya hali ni nyingine: tangu mwaka 1962 madaktari waliripoti matege na udhaifu wa mifupa kati ya Wapakistani wa Glasgow. Huko jua la baridi ni hafifu, na mwenye ngozi nyeusi au anayejisitiri mwili hulipata kidogo zaidi. Hao vidonge vinawahusu kweli.

Ama zile sifa kubwa, nyingi zilianzia kwenye kuona kuwa wagonjwa wana vitamini D kidogo. Lakini mgonjwa hakai juani! Marekani waligawa watu 25,871 kwa bahati nasibu, wengine vidonge vya kweli na wengine vitupu, kwa muda wa miaka mitano hivi. Matokeo ya mwaka 2018: saratani na maradhi ya moyo havikupungua. Kweli, wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na uchambuzi wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu fulani katika maradhi ambayo kinga ya mwili hujishambulia yenyewe. Hata hivyo, kwa maoni yetu, mama yule asiye na dalili wala ushauri wa daktari anunue dagaa.

Na kuzidisha kuna madhara. Katika miaka ya 1950 Uingereza ilitia vitamini D nyingi kwenye vyakula vya watoto. Baadhi ya wachanga wakaonekana na kalsiamu iliyopanda kupita kiasi katika damu, na mwaka 1957 viwango vikapunguzwa.