Kusikiliza Mihadhara ya Mtandaoni kwa VLC

Mhadhara wa sauti uliowekwa mtandaoni husikilizwa kwa njia mbili. Kupakua, kama chakula kipakuliwavyo kutoka chunguni, ni kuhamishia faili zima kwenye kompyuta. Kutiririsha ni kuisikiliza sauti huku ikiendelea kuwasili.

VLC, programu huria iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, hutolewa bure. Hucheza MP3, Ogg na miundo mingine mingi bila kuongezewa kitu.

Katika Windows, msikilizaji hubonyeza Ctrl na N kwa pamoja, hubandika anwani katika dirisha linalofunguka, kisha hubofya kitufe cha kucheza. Kosa la kawaida ni kubandika anwani ya ukurasa badala ya anwani ya sauti yenyewe, ambayo aghalabu huishia kwa .mp3 au .m3u, programu hubaki kimya, na mtu hudhani kompyuta yake ni mbovu.

Sauti ikikatikakatika, muda wa akiba, ambao kwa kawaida ni milisekunde 1000, waweza kuongezwa hadi 5000 katika dirisha hilohilo. Mfasiri ambaye hakulinasa neno hubonyeza [ ili kupunguza kasi, na ] ili kuiongeza.

Mtandao ukiwa dhaifu mno, ni heri kupakua: sentensi iliyokatika njiani huharibu maana ya mhadhara, ilhali faili lililokwisha kupakuliwa husikilizwa tena na tena.