Bei ya hisa za Netflix ndiyo iliyofungua mlango, ndiyo iliyoufunga

Mwezi wa Septemba 2021, Netflix iliwaruhusu Wakenya wenye simu za Android kutazama baadhi ya filamu na vipindi vyake bila malipo. Tarehe 1 Novemba 2023 mlango huo ukafungwa. Vijana wa mtaani kwetu waliniuliza: kwani tumekosa nini? Mimi naona jibu liko Marekani, kwenye soko la hisa.

Tuelewane kwanza. Hisa ikipanda bei, pesa humwendea aliyeiuza. Haziingii katika hazina ya kampuni. Kampuni hupata fedha pale tu inapotoa hisa mpya. Hata hivyo bei hiyo huigusa kampuni kwa njia tatu. Ikiwa juu, kampuni huuza hisa chache ikapata mtaji mkubwa, na wakopeshaji nao huwa na imani nayo. Pili, wakubwa wake hulipwa sehemu ya ujira wao kwa haki ya kununua hisa, kwa hivyo bei ni mfuko wao pia. Tatu, wenye hisa wakichoka huuza, na wakurugenzi hulazimika kubadili mwendo.

Netflix ilianzishwa California mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph, ikikodisha DVD kwa posta. Mwaka 2002 iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 15 kila moja, na mwaka 2007 ikaanza kuonyesha video kwa intaneti.

Funzo la kwanza lilikuja 2011. Iliwapandishia bei wateja wa Marekani waliotumia DVD pamoja na intaneti, na katika robo moja ya mwaka wateja 800,000 wakaondoka. Hisa iliyokuwa karibu na dola 300 mwezi wa Julai ilikuwa chini ya dola 80 kufikia mwisho wa Novemba. Ikabidi kampuni itafute dola milioni 400, nusu yake kwa kuuza hisa mpya kwa dola 70. Mapema mwaka huohuo ilikuwa imezinunua hisa zake yenyewe kwa zaidi ya dola 200 kila moja. Hata muuza samaki wa Marikiti angeona hasara hiyo.

Baadaye upepo uligeuka. Wawekezaji walihesabu idadi ya wateja, si fedha zilizobaki mkononi. Kampuni ikakopa mabilioni ya dola kutengeneza vipindi vyake, na Januari 2016 ikaingia nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Kenya ikiwemo. Huduma ya bure ilizaliwa katika majira hayo, wakati kila mtazamaji mpya alikuwa na thamani hata asipolipa.

Lakini biashara ni asubuhi, jioni mahesabu. Aprili 2022 Netflix ilitangaza kwamba imepoteza wateja 200,000. Siku iliyofuata hisa zake zilianguka kwa asilimia 35, na zaidi ya dola bilioni 50 za thamani yake zikayeyuka. Miezi michache tu baadaye, Novemba, ilianza kuuza huduma yenye matangazo, jambo ililolikataa kwa miaka mingi. Ikapunguza wafanyakazi, na 2023 ikawabana wanaogawana neno la siri na watu wa nyumba nyingine. Mwaka huo ndio sisi tulifungiwa.

Mwisho wa 2024 wateja walipita milioni 300. Tangu 2025 kampuni imeacha kutangaza idadi yao kila robo mwaka. Inataka ipimwe kwa mapato na faida.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu wa Pwani wanaotengeneza filamu: soko hili lipo, liendeeni, lakini msijenge kazi yenu yote juu ya mnunuzi mmoja. Atakayeamua kama mwaka huu anawahitaji huenda ni mwenye hisa ambaye hajapata kuisikia Mombasa.